SILAHA KONGWE HAIFI
Habari ya silinda ya bastola, na sheria inayoikimbilia kwa nyuma

Miongoni mwa vitu vitengenezwavyo kwa mikono ya binadamu, ni vichache vinavyokataa kufa kama silaha. Jahazi likichoka huvunjwa likawa kuni; gari likichakaa huachwa kichakani likaliwa na kutu; lakini bastola iliyofuliwa karne moja na nusu iliyopita yaweza kukaa sandukuni, ikapakwa mafuta mara moja kwa mwaka, na siku itakapotolewa ikaua kama ilivyoua mwanzo. Kinachoizuia, aghalabu, ni kukosekana kwa risasi inayoiingia. Chuma chenyewe bado kizima. Na kizuizi hicho cha risasi chaweza kuondolewa kwa kubadilisha kipande kimoja tu cha bastola hiyo, nacho ni silinda.

Habari ya kipande hicho tunaieleza leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani yake mna kisa kikubwa cha sheria, cha haki ya mvumbuzi mmoja ilivyofunga mikono ya mafundi wa taifa zima kwa muda wa miaka 14. Ya pili inawahusu hasa ndugu zetu waliopewa dhamana ya kuandikisha na kulinda silaha: vitabu vingi vya sheria duniani vimezoea kuipima hatari ya silaha kwa umri wake, na silinda hii imekuwa ikiudhihirisha udhaifu wa kipimo hicho. Hatukusudii kumfundisha mtu kazi ya karakana. Tunakusudia ijulikane kazi hiyo ni kitu gani na imeleta nini, ili anayeandika katika daftari la serikali aelewe anachokiandika.

BASTOLA YA FATAKI

Mwaka 1836 Mmarekani Samuel Colt alipata katika nchi yake haki ya uvumbuzi ya bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Nyundo ikivutwa, silinda huzunguka hatua moja, na tundu jingine huja kusimama sawasawa na mtutu. Mtu mmoja akaweza kupiga mara tano au sita bila ya kushindilia upya. Kwa watu waliokuwa wamezoea gobori la pigo moja, hayo yalikuwa mapinduzi makubwa.

Walakini silinda hiyo ya kwanza ilikuwa bado ni jamaa wa gobori. Matundu yake yalizibwa kwa nyuma, na kila tundu liliachiwa upenyo mdogo tu wa kupitishia moto wa fataki. Mwenye bastola alitia baruti kwa upande wa mbele, akafuatisha gololi ya risasi, akaishindilia kwa mkono wa chuma uliofungwa chini ya mtutu, kisha akavisha fataki sita moja baada ya moja. Akiisha kupiga mara sita, kazi yote hiyo ilirudiwa tangu mwanzo, na kama mvua inanyesha au farasi anakwenda mbio, hali ya mtu huyo tunaweza kuikisia.

Kwa silaha za namna hiyo ndivyo Wamarekani walivyopigana wao kwa wao tangu mwaka 1861 hadi 1865. Bastola ya Colt ya jeshi ya mwaka 1860, yenye kipenyo kiitwacho 44, yaani sehemu 44 katika 100 za inchi, ilitengenezwa takriban 200,000 katika jumla ya miaka yake. Nyingine nyingi zilitoka kwa Remington na kwa watengenezaji wadogo. Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa imejaa bastola za fataki, nzima, imara, za chuma kizuri, na tayari zilikuwa zimeanza kuonekana kuwa za kizamani.

Kilichozifanya za kizamani ni risasi ya ganda. Humo baruti, kichwa cha risasi na kiwashio vyote vimekusanywa katika ganda moja la shaba. Mtu hahitaji pembe ya baruti wala kijaluba cha fataki. Anachukua risasi, anaitia kwa nyuma, anapiga. Lakini ili risasi hiyo iingie kwa nyuma, tundu la silinda ni lazima litobolewe moja kwa moja kutoka mwisho mmoja hadi mwisho wa pili. Neno hilo dogo, kutoboa tundu likatokea upande wa pili, ndilo lililokuwa limefungiwa katika kabati la mwanasheria.

HAKI YA MTU MMOJA

Tarehe 3 Aprili, 1855, serikali ya Marekani ilimpa Rollin White haki ya uvumbuzi juu ya bastola ambayo matundu ya silinda yake yametobolewa mwisho hadi mwisho. White aliwahi kufanya kazi katika karakana ya Colt mjini Hartford. Silaha aliyoichora yeye mwenyewe haikuwa na manufaa makubwa. Ilikuwa na mitambo mingi isiyo ya lazima. Lakini ndani ya hati yake ilikuwamo ile sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko mchoro mzima.

Walioitambua thamani hiyo ni Horace Smith na Daniel Wesson. Tarehe 17 Novemba, 1856, walifunga mkataba na White. Wao wangeitumia haki yake peke yao na kumlipa senti 25 kwa kila bastola, naye White angebeba mzigo wa kuwashitaki wote watakaoivunja. Mwaka uliofuata, 1857, walitoa bastola ndogo ya risasi saba za ganda, za kipenyo cha 22. Tangu hapo, hakuna kiwanda kingine Marekani kilichoweza kutengeneza silinda ya tundu la wazi bila ya kupita mlangoni mwao.

Tuwe waadilifu katika hukumu. Maganda ya miaka ile yalikuwa laini, nayo hayakuweza kuhimili baruti nyingi. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba, bila ya hati ya White, majeshi yale yangalikwenda vitani mwaka 1861 yakiwa na bastola kubwa za ganda zilizokamilika. Lakini ni dhahiri kwamba mafundi wengi waliokuwa na uwezo wa kuutatua udhaifu huo walizuiliwa wasijaribu. Waliojaribu walipelekwa mahakamani. Kesi dhidi ya mtengenezaji Ethan Allen ilikatwa kwa kumpa White ushindi mwaka 1863, na ilipofika katika Mahakama Kuu ya nchi majaji waligawanyika nusu kwa nusu, hivyo hukumu ya chini ikabaki kama ilivyokuwa.

Mkataba ule ulikuwa na makali pande zote mbili. White alipokea ada ya takriban dola 71,000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa mali nyingi. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akilipa mawakili, na sehemu kubwa ya alichopata kwa mkono wa kulia kiliondoka kwa mkono wa kushoto. Muda wa haki yake ulipokwisha mwaka 1869, aliomba aongezewe, akakataliwa. Akaenda katika Bunge, na Bunge likakubali kumfungulia njia. Hapo ndipo Rais Ulysses Grant alipoikataa sheria hiyo, tarehe 11 Januari, 1870. Hoja aliyoitegemea ilitoka kwa mkuu wa idara ya silaha za jeshi, aliyeeleza kwamba serikali ilikwisha pata usumbufu wa kutosha wakati wa vita kwa sababu watengenezaji hawakuweza kuutumia uvumbuzi huo, na kwamba haikuwa na maslahi yoyote katika kuurefusha usumbufu huo.

Katika kisa hicho, ndugu msomaji, mna jambo la kuzingatiwa na kila serikali inayotunga sheria za uvumbuzi. Mvumbuzi anastahiki ujira wake, na nchi isiyomlinda mvumbuzi hukauka akili. Lakini haki hiyo ina mpaka wa siku, nao mpaka huo umewekwa kwa faida ya umma. Grant mwenyewe alikuwa jemadari wa vita ile, akiwajua askari walioshindilia bastola zao juu ya farasi, naye alikataa kuuhamisha mpaka huo kwa ajili ya mtu mmoja.

KUGEUZA KILICHOPO

Kabla ya mlango kufunguliwa, wako waliojaribu kupita dirishani. Mwaka 1868 Alexander Thuer, fundi wa Colt, alipata haki ya silinda iliyopokea risasi ya ganda kwa upande wa mbele, ganda lenyewe likiwa limechongoka kidogo kwa nyuma. Hivyo tundu halikutobolewa kama alivyoeleza White, na sheria haikuvunjwa. Zilitengenezwa kama 5,000, lakini hazikupendwa. Mwaka huohuo Remington walifuata njia ya kulipa. Waligeuza zaidi ya bastola 4,500 za jeshi zipokee risasi ya kipenyo cha 46, kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa Cincinnati, na ada ikaenda kwa Smith na Wesson. Silinda mpya ya Remington ilikuwa na matundu matano badala ya sita, kwa kuwa ganda nene lilihitaji nafasi zaidi, na ukuta wa chuma baina ya tundu na tundu haukuruhusiwa kuwa mwembamba mno.

Hesabu hiyo ya tano badala ya sita inafaa kukumbukwa. Fundi mwenye akili alikubali kupoteza pigo moja ili chuma kibaki na nguvu zake.

Muda wa White ulipomalizika, kazi ilianza kwa wazi. Charles Richards wa kiwanda cha Colt alipata haki yake tarehe 25 Julai, 1871. Katika mfumo wake, sehemu ya nyuma ya silinda ya zamani iliondolewa, na mahali pake pakawekwa bamba la chuma lenye kilango cha kutilia risasi. Ule mkono wa kushindilia ukatolewa, na badala yake ukatiwa ufito wa kusukumia maganda matupu. William Mason aliurahisisha mfumo huo kwa haki aliyopata mwaka 1872. Jeshi la Marekani lilirudisha Hartford bastola zake za 1860 kama elfu moja zikageuzwe, na kwa jumla zile za mfumo wa Richards zilifika takriban 9,000.

Kwa mhasibu wa serikali, faida ilikuwa bayana. Bastola ile ile, mtutu ule ule, mpini ule ule, kwa gharama ndogo kuliko ya silaha mpya, ikawa silaha ya zama mpya. Kiwanda nacho kilikuwa na maghala ya vipuri vya bastola za fataki ambavyo vingeozea humo. Mwaka 1873, Colt walipotoa bastola yao mpya iliyoundwa tangu mwanzo kwa risasi ya ganda, jeshi liliichagua hiyo, lakini zile zilizogeuzwa ziliendelea kuuzwa na kubebwa kwa miaka mingi baadaye.

KUINGIA SI KUHIMILI

Mafundi wa 1871 walikabiliana na tatizo ambalo kila mgeuzaji amekabiliana nalo tangu hapo. Katika bastola ya fataki, gololi hujaza tundu lote. Ukiweka ganda, ukuta wa ganda huchukua nafasi, na kichwa cha risasi kikiwekwa ndani ya ganda huwa chembamba kuliko mtutu kitakaopita. Walilitatua kwa kufanya kichwa kiwe na upana sawa na ganda, huku mkia wake mwembamba ukiingia ndani. Risasi za baadaye ziliacha mtindo huo, na vichwa vikafichwa ndani ya maganda. Lakini majina ya vipimo hayakubadilika.

Matokeo yake ni mkanganyiko unaowapoteza hata watu wazoefu. Neno 38 limepewa risasi kadhaa zisizolingana. Iliyo maarufu zaidi, iitwayo Special, ina kichwa cha sehemu 357 au 358 katika 1,000 za inchi, wakati mtutu wa bastola za Colt zilizokuwa za 36 na kugeuzwa kuwa za 38 ulikuwa na upana wa karibu 375. Risasi yaingia, yapigwa, lakini yapita mtutuni ikicheza kama kokwa ndani ya chupa. Jina ni jina, na kipimo ni kipimo.

Jambo zito zaidi ni nguvu ya baruti. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na ndani ya miaka michache dunia yote ikaifuata. Baruti hiyo yaweza kuleta shinikizo kubwa kuliko ile nyeusi ambayo chuma cha 1860 kilifuliwa kwa ajili yake. Colt wenyewe walingoja mpaka kufikia mwaka 1900 hivi ndipo wakatoa dhamana ya bastola zao za 1873 kutumiwa na baruti mpya. Leo viwanda vya Italia, vilivyo katika bonde la Gardone karibu na Brescia, hutengeneza nakala za bastola zile za fataki, na karakana kadhaa za Marekani huuza silinda za kuzigeuza zipokee risasi za ganda. Nao wauzaji huonya kwamba zitumiwe risasi za shinikizo dogo peke yake. Onyo hilo si la kupamba sanduku. Chuma cha fremu ya nakala ni cha bastola ya fataki, hata kama silinda yake ni ya leo.

Ushahidi wa hatari hiyo uko karibu zaidi na zama zetu. Bastola ya Kiingereza ya Webley ya namba 6, iliyoanza kutumiwa mwaka 1915, iliundwa kwa risasi ya 455, ambayo shinikizo lake ni la chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bastola hizo ziliuzwa kwa wingi Marekani kama mabaki ya jeshi, na kwa kuwa risasi yake ilikuwa adimu, wafanyabiashara walizikata silinda kwa nyuma ili zipokee risasi ya 45 ya bastola za jeshi la Marekani. Iliingia vizuri. Lakini risasi hiyo ya 45 hufikia shinikizo la ratili 21,000 kwa kila inchi ya mraba, na ile ya asili ilikuwa karibu 13,000. Silinda nyingine zilipasuka, na silinda inayopasuka hupasuka mbele ya uso wa aliyeishika.

Kadhalika zile bastola za Smith & Wesson, zaidi ya nusu milioni, zilizopelekwa Uingereza na nchi zilizo chini yake tangu mwaka 1940. Risasi yake ya asili ilikuwa fupi na nene. Baada ya vita nyingi zilirefushwa matundu zipokee ile 38 ndefu. Hiyo ni nyembamba zaidi, kwa hiyo ganda likipigwa huvimba kutafuta ukuta wa tundu, na mara nyingine hupasuka. Mnunuzi hakuambiwa, aliona tu namba 38 na akatosheka.

Ndiyo maana tunasema kuingia si kuhimili. Tundu hupokea chochote kinachotoshea. Kinachohimili ni chuma, na chuma hakijui kilichoandikwa katika stakabadhi ya muuzaji.

MLANGO WA UNGUJA

Huenda msomaji akauliza, haya ya Hartford na Springfield yatuhusu nini sisi wa visiwani? Jibu limo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1866 jeshi la Prussia lilipolishinda jeshi la Austria kwa bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma, kila dola ya Ulaya ilitaka kubadili silaha zake kwa haraka. Uingereza ilizigeuza bunduki zake za Enfield kwa mfumo wa Snider, ambao kwa hakika ni kazi ileile ya kugeuza: mtutu wa zamani, kitako cha zamani, na nyuma mpya. Miaka michache baadaye zikaja mpya kabisa, kisha mpya zaidi. Na kila mabadiliko yalipopita, mamia ya maelfu ya silaha zilizoachwa zilitafuta soko.

Soko mojawapo lilikuwa pwani hii. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha baina ya 80,000 na 100,000 za kila namna hupita kila mwaka kuelekea bara. Kilichokuwa taka katika maghala ya Ulaya kikawa nguvu ya misafara ya pembe na watumwa, na kikabadili mizani ya nani atatawala na nani atatawaliwa kutoka pwani hadi Maziwa Makuu. Wanaodhani kwamba silaha iliyopitwa na wakati haina madhara, wazitazame njia zile zilivyopita.

Dola hizohizo zilipokutana Brussels na kutia saini mkataba wa tarehe 2 Julai, 1890, zilizuia silaha zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini hadi 22 kusini. Lakini ziliacha tundu katika ukuta. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ya ndani, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa za kizamani. Hata hapo, kipimo kilikuwa ni umri wa fundisho la silaha, na Mwafrika ndiye aliyeachiwa silaha kongwe iwe halali yake, mpya ikabaki kwa anayemtawala.

UMRI SI KIPIMO

Mazoea hayo yameendelea hata katika sheria za karibu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 haiihesabu kuwa bunduki silaha iliyotengenezwa hadi mwaka 1898, wala nakala yake isiyoundwa kwa risasi ya kawaida ya ganda. Kwa hiyo nakala ya bastola ya fataki, mbele ya sheria ya serikali kuu ya nchi hiyo, haimo katika hesabu. Lakini ikitiwa silinda ya kupokea risasi ya ganda, papo hapo inaingia katika hesabu. Asubuhi si silaha ya kisheria, jioni ni silaha, na katikati hapana ila kipande kimoja cha chuma kinachokaa kiganjani. Mataifa yaliyo ndani ya muungano huo yana sheria zake pia, wala hazilingani.

Uingereza nayo, iliyopiga marufuku takriban bastola zote za raia mwaka 1997, iliziacha zile za kale ambazo risasi zake zilihesabiwa kuwa hazipatikani tena. Orodha ya risasi hizo ikawa, bila ya kukusudiwa, orodha ya manunuzi ya wahalifu. Bastola iliyouzwa kihalali kama pambo ilitafutiwa risasi za kutengenezwa kwa mkono, ikarudi mitaani. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilitoa kanuni mpya na kuziondoa katika orodha hiyo aina saba za risasi, mojawapo ikiwa ni ile 44 ya Kirusi ambayo Smith na Wesson waliitengeneza kwa ajili ya jeshi la Urusi katika miaka ya 1870. Risasi iliyozaliwa katika zama za Grant ilihitaji kanuni mpya katika zama za simu za mkononi.

Umoja wa Mataifa, katika Itifaki yake ya silaha ya mwaka 2001, umeonyesha njia iliyo bora zaidi. Inapoeleza vipuri vya silaha vinavyopasa kudhibitiwa, itifaki hiyo inataja mtutu na fremu, na inaitaja silinda kwa jina lake. Maana yake ni kwamba silinda peke yake, hata ikiwa imefungwa katika karatasi bila ya bastola, ni jambo la kuulizwa. Nchi za ukanda wetu, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 juu ya silaha ndogondogo, na Tanzania ikatunga sheria ya kudhibiti silaha na risasi mwaka 2015. Misingi basi ipo. Kinachobaki ni mkono wa mtendaji, kalamu yake na daftari lake.

Kwa ndugu zetu hao tunayo mapendekezo machache. Daftari la silaha lisitosheke na namba ya kipenyo iliyochorwa kwenye mtutu, kwani tumeona namna neno 38 linavyoweza kusema mambo matano. Tundu la silinda lipimwe na anayejua kupima, na kipimo kiandikwe pamoja na namba iliyo juu ya silinda yenyewe. Namba ya silinda ikitofautiana na ya fremu, lisiwe jambo la kupuuzwa. Huenda ni kipuri halali, huenda silaha imegeuzwa. Forodha nazo, zilizo mlangoni mwa visiwa vyetu, zizijue silinda kwa sura, maana ni kipande kidogo chenye kuonekana kama cha mashine yoyote. Na silaha iliyo katika jumba la makumbusho ilindwe kama iliyo ghalani, bila ya kutegemea kwamba risasi yake haipatikani tena.

Kwa wananchi, hasa walio na silaha za kurithi, gobori la babu au bastola iliyosahauliwa tangu zama za Mwingereza, neno letu ni fupi. Uzee wa silaha hauiondoi katika sheria, wala hauiondoi katika hatari. Isikabidhiwe kwa fundi wa mtaani aitafutie risasi ya kuingia, kwani wa kwanza kuumia katika jaribio hilo huwa ni mwenye mkono. Ipelekwe kwa wanaohusika, iandikwe au isalimishwe.

White alidai haki ya tundu la wazi, na tundu hilo limeishi kuliko yeye, kuliko hati yake, na kuliko majeshi yaliyoligombania. Silaha zilizofuliwa kabla ya babu zetu kuzaliwa bado zinageuzwa, zinauzwa na zinapiga. Kila moja kati ya hizo, kabla ya kufika mkononi mwa mtu, ilipita mahali ambapo ofisa mmoja aliangalia mwaka uliochongwa juu ya chuma na kudhani kwamba ametosheka. Atakayefuata na aangalie silinda.